Wasiojibu Hojaji: Hotuba kwa Wasimamizi wa Utafiti wa Maoni katika Elimu ya Juu

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa makamu wakuu wa vyuo, wakurugenzi wa mipango na uthibiti ubora, wanataaluma wenzangu, mabibi na mabwana.

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kazi ya ushauri elekezi katika utafiti wa maoni vyuoni, na nimeona heri nisiigawe mada hii katika vipande vingi vidogo ambavyo tayari mnavifahamu. Nitawazungumzia watu wa aina moja tu, ambao katika ripoti nyingi hutajwa kwa mstari mmoja kwenye ukurasa wa mbinu za utafiti na kisha husahauliwa: wanafunzi, wahadhiri na wahitimu waliopelekewa hojaji wasiijibu. Hoja yangu ni kwamba thamani ya utafiti wa maoni chuoni hutegemea zaidi kiasi tunachowajua hao kuliko wingi wa waliojibu, na kwamba mshauri anayelipwa kwa kazi hii ana wajibu wa kuwasemea hata pale ambapo mteja asingependa kusikia habari zao.

Wengi wenu mmekifundisha au mmefundishwa kisa cha jarida la Literary Digest la Marekani. Mwaka 1936 jarida hilo lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na kwa kuzitegemea likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mno ukiilinganisha na hiyo, alimtaja mshindi sahihi. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama onyo kuhusu orodha mbovu, kwa kuwa majina mengi yalichukuliwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya mdororo wa uchumi si kila mtu alikuwa na simu au gari. Orodha ilikuwa na kasoro, hilo halina ubishi. Lakini wachambuzi waliozirudia takwimu za wakati ule miaka mingi baadaye walionyesha jambo linalotuhusu sisi zaidi: waliotumiwa kadi na wasizirudishe walielemea upande wa Roosevelt kuliko wale waliozirudisha, na lau wote waliopokea kadi wangejibu, jarida lingemtaja Roosevelt kuwa mshindi. Kosa kubwa lilikaa kwenye ukimya, na wingi wa kadi zilizorudi ndio uliolificha.

Vyuo vyetu hufanya jambo lile lile kila mwaka, tena kwa nia njema kabisa. Baruapepe hutumwa kwa wanafunzi wote, kiungo cha hojaji huachwa wazi kwa majuma kadhaa, vikumbusho viwili vitatu hufuata, kisha tunahesabu waliojibu na kufurahi kwamba ni maelfu. Kwa kuwa kutuma baruapepe 20,000 hakugharimu zaidi ya kutuma 800, inaonekana ni upotevu kuchagua sampuli. Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu hoja yote imo humo.

Tuchukue chuo cha mfano chenye wanafunzi 20,000. Kikiwaalika wote na wakajibu 3,000, kiwango cha mwitikio ni asilimia 15. Tuseme asilimia 70 ya waliojibu wanasema wameridhika na usimamizi wa masomo yao. Kanuni ya kitabuni itasema kiwango cha makosa, yaani umbali unaotarajiwa kati ya jibu la sampuli na jibu la chuo kizima, kwa watu 3,000 hakifiki asilimia 2, na mwandishi wa ripoti ataliandika hilo kwa kujiamini. Lakini kanuni hiyo inamhusu mtu aliyechaguliwa kwa nasibu, yaani kwa bahati kama ya kura, haimhusu aliyejichagua mwenyewe. Tukijiuliza kwa unyofu ni nini tunachokijua bila kudhania lolote kuhusu wale asilimia 85 walionyamaza, jibu ni kwamba walioridhika katika chuo kizima wanaweza kuwa wachache kama asilimia 10.5, iwapo hakuna hata mmoja wa walionyamaza aliyeridhika, au wengi kama asilimia 95.5, iwapo wote wameridhika. Sasa chuo hicho hicho kichague wanafunzi 800 kwa nasibu, na fedha na nguvu zilizobaki zitumike kuwafuatilia mmoja mmoja hadi wajibu 480, yaani asilimia 60. Kiwango cha makosa ya sampuli kinapanda hadi karibu asilimia 4.5, na hapo ndipo baraza la chuo huanza kunung'unika. Lakini uwanja wa kutojua umepungua sana: iwapo asilimia 70 ya hao 480 wameridhika, basi hata tukiwadhania wanyamavu mabaya kabisa au mema kabisa, jibu la sampuli nzima liko kati ya asilimia 42 na asilimia 82. Katika njia ya kwanza tumepunguza ujinga mdogo wa sampuli na kukubali ujinga mkubwa wa wanyamavu, na tumeuandika ule mdogo peke yake kwenye ripoti.

Sisemi kwamba kiwango kidogo cha mwitikio lazima kilete matokeo ya uongo. Robert Groves na wengine waliofanya kazi kubwa katika eneo hili walionyesha kwamba kiwango cha mwitikio peke yake hakitabiri vizuri ukubwa wa upotofu, yaani jinsi matokeo yanavyoelemea upande mmoja mbali na ukweli: utafiti wenye mwitikio wa chini unaweza kukaribia ukweli, na wenye mwitikio wa juu unaweza kuukosa. Kinacholeta upotofu ni uhusiano kati ya sababu ya kutojibu na jambo lenyewe linaloulizwa. Asiyejibu kwa sababu alikuwa mgonjwa juma lile hatuharibii kitu tunapouliza juu ya mtalaa. Asiyejibu kwa sababu amekwisha kukata tamaa na chuo anatuharibia kila kitu tunapouliza kama anakusudia kumaliza masomo.

Na vyuoni uhusiano wa namna hiyo ni wa kawaida. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanafunzi wa kike hujibu hojaji zaidi kuliko wa kiume, na wenye alama za juu zaidi kuliko wenye alama za chini. Mtu yeyote aliyewahi kuketi na wanafunzi anaweza kuongeza wengine: anayefanya kazi ya kutwa na kusoma jioni, anayetumia anwani yake binafsi na hajafungua ile ya chuo tangu usajili, aliyejaza hojaji sita muhula uliopita asione hata moja iliyozaa badiliko, na yule anayeogopa kwamba mkuu wa idara ataitambua lugha yake kwenye nafasi ya maoni. Watu hawa hawanyamazi kwa sababu moja, na kikumbusho cha tatu chenye maneno yale yale hakiwafikii kwa namna moja.

Washauri wengi hujibu tatizo hili kwa uzani wa takwimu. Iwapo wanawake ni nusu ya wanafunzi lakini ni asilimia 65 ya waliojibu, kila jibu la mwanamke hupewa uzito wa 0.77 na la mwanamume 1.43, na jedwali hurudi katika uwiano wa orodha ya usajili. Ni kazi halali na inafaa kufanywa, lakini mteja aelezwe mipaka yake. Uzani huo unachukulia kwamba mwanamume aliyejibu anafanana kimaoni na mwanamume asiyejibu, na hilo ndilo hasa tusilolijua. Kumpa uzito zaidi mwanamume mwenye alama nzuri, anayesoma baruapepe zake na anayekipenda chuo, hakumfanyi amsemee mwenzake aliyehama bweni bila kuaga.

Nimetaja aliyehama bila kuaga kwa makusudi, kwa sababu wapo watu ambao hawawezi hata kuhesabiwa miongoni mwa wasiojibu: hawamo kwenye orodha. Hojaji kubwa za wanafunzi duniani zimepangwa kwa vituo vya safari ya masomo. Ile ya wanafunzi wapya ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1966 chini ya Alexander Astin, huwauliza wanapoingia. Ile ya ushiriki wa wanafunzi iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Indiana, ambayo ilianza rasmi mwaka 2000, huwauliza wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho. Ile ya taifa ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2005, huwauliza walio mwaka wa mwisho. Kila moja ina sababu nzuri za kuchagua kituo chake, wala siilaumu hata moja. Lakini chuo kinachochukua muundo wa namna hiyo na kuutumia kujibu swali la kwa nini wanafunzi wanaacha masomo kinawauliza waliobaki habari za walioondoka. Ridhaa ya mwaka wa mwisho inaweza kupanda mwaka hadi mwaka kwa sababu tu wasioridhika wanaondoka mapema zaidi. Mshauri anayepokea swali la namna hiyo anapaswa kumwambia mteja waziwazi kwamba orodha inayotakiwa ni ya walioahirisha, waliohama na walioacha, kwamba namba zao za simu ziko kwa msajili, kwamba zinachakaa haraka, na kwamba kumpata mmoja wao kutagharimu muda ambao ungetosha kuwahoji wanafunzi kadhaa walioko darasani.

Kuna dawa ya zamani ambayo nashangaa jinsi inavyotumika kwa nadra vyuoni. Mwaka 1946 wanatakwimu wa Marekani Morris Hansen na William Hurwitz walipendekeza kwamba, baada ya hojaji za posta kufungwa, ichukuliwe sampuli nasibu ya wasiojibu, na hao wachache wafuatwe kwa mahojiano ya ana kwa ana. Turudi kwa chuo chetu cha mfano. Wanafunzi 320 kati ya 800 hawakujibu. Hatuna uwezo wa kuwafuata wote, basi tunachagua mmoja katika kila watano, yaani 64. Hao tunawapa wahoji hodari kuliko wote tulionao. Tunaachana na hojaji ndefu na kubakiza maswali matano yanayobeba uamuzi. Tunawapigia jioni, tunawatafuta kupitia viongozi wa madarasa, tunaenda walipo. Tuseme tumefanikiwa kuwapata, na miongoni mwao walioridhika ni asilimia 45. Kwa kuwa kila mmoja wao anasimama badala ya watano, tunaunganisha asilimia 70 ya wale 480 na asilimia 45 ya wale 320, na jibu linakuwa asilimia 60. Pengo la alama 10 kati ya ripoti ya kwanza na ya pili lingetosha kubadilisha mgao wa fedha wa kitivo, na limepatikana kwa mahojiano 64 mafupi. Katika kazi halisi hawapatikani wote 64, na hilo pia huandikwa.

Pale ambapo ufuatiliaji wa namna hiyo hauwezekani, bado zipo njia za kukadiria. Mwaka 2015 Umoja wa Vyuo Vikuu vya Marekani ulifanya utafiti kuhusu unyanyasaji wa kingono katika vyuo 27. Walialikwa wanafunzi zaidi ya 700,000 na wakajibu zaidi ya 150,000, mwitikio wa asilimia 19.3. Kwa wingi ule ingekuwa rahisi kutangaza asilimia na kunyamaza. Watafiti waliwalinganisha waliojibu mapema na waliojibu kwa kuchelewa, kwa kuwa wachelewaji mara nyingi hufanana zaidi na wasiojibu, na wakaandika ndani ya ripoti ile ile kwamba baadhi ya makadirio huenda yako juu kuliko hali halisi, kwa sababu wasiopatwa na madhila hayo walielekea kutoshiriki. Hakuna aliyeweza kusema kwamba walikuwa wanalidharau tatizo, maana hata makadirio yaliyopunguzwa yalikuwa ya kutisha. Ninauheshimu sana ukurasa ule. Umewapa wasomaji silaha ya kuihoji ripoti yenyewe, na ripoti haikudhoofika kwa hilo.

Kinyume chake ni desturi inayoenea, ambayo nitaizungumzia bila kuzunguka. Ili kupandisha mwitikio, baadhi ya vyuo huzuia matokeo ya mitihani au usajili wa muhula hadi mwanafunzi ajaze tathmini ya wahadhiri. Mwitikio unakaribia asilimia 100, na wakaguzi wa ithibati wanafurahi. Ukizifungua data zenyewe unaona mwanafunzi aliyeweka namba 4, katika kipimo cha 1 hadi 5, kwenye maswali yote 25, likiwemo lile lililogeuzwa makusudi ili jibu jema liwe 1, na saa ya mfumo inaonyesha alitumia sekunde 40. Huyo ni asiyejibu kama wengine wote, ila sasa ametoweka kwenye hesabu ya wasiojibu na ameingia kwenye wastani wa mhadhiri. Mlango wa kumtambua umefungwa na sisi wenyewe. Afadhali mara mia mwitikio wa asilimia 55 wa watu waliokubali kujibu, pamoja na maelezo ya kina kuhusu asilimia 45 iliyobaki, kuliko ukamilifu wa kulazimishwa. Jambo hili lina uzito zaidi tunapokumbuka matumizi yake: mwaka 2018 msuluhishi wa mgogoro wa kikazi katika chuo kikuu kimoja nchini Kanada aliamua kwamba wastani wa tathmini za wanafunzi usitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo, na moja ya misingi ya uamuzi wake ilikuwa ushahidi wa wataalamu juu ya upungufu wa data za aina hiyo.

Mtu anaweza pia kunyamaza ndani ya hojaji aliyoijaza kwa bidii, na hapo mwandishi wa maswali hawezi kukwepa lawama. Chukueni kauli hii, ya aina inayoonekana katika hojaji nyingi za vyuo: "Wahadhiri wangu hufundisha vizuri na hupatikana ninapowahitaji." Mwanafunzi mwenye mhadhiri hodari ambaye mlango wa ofisi yake haufunguki ataweka wapi alama? Anaweka 3, katikati ya kipimo alichokibuni Rensis Likert mwaka 1932. Namba hiyo inaingizwa kwenye wastani kana kwamba ni maoni ya kati, ilhali ni mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema mambo mawili aliyokuwa tayari kuyasema. Utafiti wa taifa wa Uingereza uliachana mwaka 2023 na kauli za kukubali au kukataa, ukahamia kwenye maswali ya moja kwa moja pamoja na nafasi ya kusema kwamba jambo lililoulizwa halimhusu mjibu. Badiliko hilo lina gharama yake, kwa sababu ulinganisho na miaka ya nyuma hukatika, lakini mshauri anayeendelea kulinda swali bovu ili mchoro wa miaka kumi usikatike anamtumikia mchoro. Kila swali lisomwe mbele ya wanafunzi wachache kabla ya kutumwa, nao waombwe waseme kwa sauti wanachofikiri wanapolijibu. Kazi hiyo haizidi siku mbili.

Kuhusu hofu, nitasema machache kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Hojaji inayoahidi kwamba mjibu hatajulikana, huku kila kiungo kikiwa na namba ya mtu ili mfumo ujue wa kumkumbusha, imesema uongo, na wanafunzi wa siku hizi wanalijua hilo haraka kuliko sisi. Waambiwe ukweli: kwamba namba ipo, inatumika kwa vikumbusho tu, inashikwa na mshauri nje ya mifumo ya chuo, na itafutwa kwa tarehe inayotajwa. Waambiwe pia kwamba kundi lenye waliojibu chini ya 10 halitachapishwa peke yake. Kanuni ya namna hiyo inaposhikwa, mshauri atapigiwa simu na mkuu wa idara anayetaka data ghafi za wanafunzi wake saba wa uzamivu, "kwa matumizi ya ndani tu." Jibu ni hapana, na liwe limeandikwa katika mkataba kabla simu hiyo haijapigwa, maana baada ya hapo kila kukataa huonekana kama jeuri.

Hapa ndipo ninapoyageukia mahusiano kati ya mshauri na chuo. Mikataba mingi niliyoisoma inamlipa mshauri kwa idadi ya majibu. Kwa kufanya hivyo chuo kinamtuma akakusanye walio rahisi kukusanywa, naye atakitii. Hadidu za rejea ziandike jambo jingine: sampuli ya nasibu yenye ukubwa unaolingana na uamuzi unaokusudiwa, matabaka, yaani makundi madogo ndani ya sampuli, ambayo kila moja litafuatiliwa kando, fungu la fedha lililotengwa kwa ajili ya sampuli ndogo ya wasiojibu ambalo halihamishiwi kwenye uchapishaji wa ripoti ya kurasa za rangi, na sura nzima inayoeleza ni nani hawakujibu, inadhaniwa ni kwa nini, na ni matokeo yapi yangegeuka iwapo wangejibu tofauti na wenzao. Sura hiyo ikae mbele, kabla ya majedwali. Na mkataba umruhusu mshauri kukataa kuweka jina lake kwenye muhtasari utakaoandikwa na ofisi ya mawasiliano ya chuo iwapo muhtasari huo utaiacha sura hiyo nje.

Chuo nacho kina zamu yake. Ripoti inapofika, tunazoea kuipeleka kwenye seneti, kisha kwenye tovuti, kisha kwenye kabati. Napendekeza kwamba katika muhula ule ule matokeo yatumwe kwa sampuli nzima, waliojibu na wasiojibu pamoja, kwenye ukurasa mmoja unaotaja uamuzi uliochukuliwa kutokana nayo, pendekezo lililokataliwa na sababu ya kulikataa, na ofisi inayopokea malalamiko juu ya mambo yote mawili. Ukurasa huo usiwe na kiungo cha hojaji nyingine. Mwaka unaofuata, sampuli mpya itakapochaguliwa, itenganishwe katika waliowahi kuupokea ukurasa huo na wasiowahi, mwitikio wa makundi hayo mawili ulinganishwe, na tofauti itakayoonekana, iwe kubwa au ndogo, iletwe mbele ya kikao kama hiki.

Nawashukuru kwa usikivu wenu, na nipo tayari kupokea maswali.